Uyoga Hauna Mpanzi: Historia ya Uchumaji wa Uyoga wa Mwitu katika Nchi ya Beni na Butembo

Utangulizi

Katika Kiswahili cha magazeti na cha hotuba, uyoga umekuwa tashbihi iliyochakaa. Vyama huota kama uyoga, makanisa huota kama uyoga, vibanda vya biashara huota kama uyoga baada ya mvua. Anayetumia tashbihi hiyo hukusudia kitu kilichozuka kwa ghafla, kisicho na mizizi wala historia. Lakini kwa mtu aliyekulia katika vilima vya Butembo au kwenye ukingo wa msitu wa Beni, katika jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tashbihi hiyo ina kasoro. Uyoga auonao asubuhi baada ya mvua ya usiku umetoka mahali palepale ulipotoka mwaka uliotangulia, na mama yake alipajua mahali hapo kabla yake. Ughafla umo katika macho ya mgeni. Mwenyeji alikuwa akiungojea.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uyoga wa mwitu unayo historia katika nchi hiyo, na kwamba historia yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni historia ya njia: ni nani aliyeruhusiwa kutembea, wapi, wakati gani, na kwa usalama wa namna gani. Muhogo na maharage hupandwa karibu na nyumba, na mtoto hujifunza kuyatunza hata kama hajawahi kuvuka kijito cha pili. Uyoga haupandwi. Maarifa yake hayatengani na mwendo wa miguu. Kwa sababu hiyo, kila mara njia ilipofungwa, iwe kwa sheria ya mbuga, kwa shamba la biashara au kwa bunduki, watu walipoteza kitoweo, na pamoja nacho walipoteza darasa ambalo halina jengo wala kitabu.

Nchi isiyo na majira ya kuchipua

Washairi wa Ulaya wameyasifu sana majira ya kuchipua, wakati theluji inapoyeyuka na watu kutoka nje kutafuta majani mabichi, maua na uyoga wa kwanza. Nchi ya Beni na Butembo haina majira hayo. Miji hiyo miwili iko kaskazini kidogo ya mstari wa Ikweta, na umbali wa kilomita 54 hivi unaitenganisha. Siku na usiku hulingana karibu mwaka mzima, na miti haivui majani yote kwa pamoja. Kinachogawa mwaka ni mvua. Mvua huzidi mara mbili: kwanza kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, kisha kuanzia mwezi wa nane au wa tisa hadi karibu na mwisho wa mwaka. Katikati yake huwa na vipindi vya mvua chache, ambapo udongo hukauka, vumbi hupanda barabarani na mboga za majani huadimika.

Kwa hiyo, furaha ambayo watu wa nchi za baridi huipata jua linaporudi, watu wa Beni na Butembo huipata mvua inaporudi. Ni furaha ya vitu vidogo: harufu ya udongo uliolowa, sauti ya vyura, kumbikumbi wanaoruka jioni kuelekea mwanga wa taa, senene katika msimu wao, na uyoga. Vitu hivi vyote havina gharama, na vyote huja kwa wakati ambapo akiba ya ghala imepungua na mazao mapya bado hayajakomaa. Starehe na haja hukutana.

Hata hivyo nchi yenyewe si ya namna moja. Butembo iko juu ya milima ya Mitumba, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700. Ni nchi ya baridi kiasi, ya vilima vilivyolimwa hadi kileleni, yenye viazi, maharage, kabichi na vitunguu. Beni iko chini zaidi, kwenye mwinuko wa mita elfu moja na kidogo, ambapo milima hushuka kuelekea msitu wa Ituri upande wa magharibi na kaskazini, na bonde la Semliki upande wa mashariki, chini ya milima ya Ruwenzori. Mtu atokaye Butembo kwenda Beni hupita katika muda mfupi kutoka vilima vya majani hadi kivuli cha miti mirefu. Uyoga nao hubadilika pamoja na njia hiyo.

Mchwa ni mkulima

Uyoga unaopendwa kuliko wote katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati na Mashariki ni ule wa vichuguu. Wanasayansi huuita Termitomyces, jina lililotolewa mwaka 1942 na Mfaransa Roger Heim, aliyeutafiti kwa miaka mingi uhusiano wa mchwa na kuvu. Uhusiano huo ni wa ajabu. Mchwa wa jamii hii hawawezi kusaga peke yao miti na majani makavu wayalayo. Hutafuna, kisha huyajenga mabaki hayo ndani ya kichuguu kwa umbo la sega, na juu ya sega hilo kuvu huota na kuyalainisha. Baadaye mchwa hula sega lililokomaa pamoja na kuvu yenyewe. Kwa ufupi, mchwa ni mkulima, na shamba lake liko chini ya ardhi. Inakadiriwa kwamba ushirika huo ulianza katika Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, yaani muda mrefu mno kabla ya binadamu kushika jembe.

Mvua inaponywesha ardhi kiasi cha kutosha, kuvu hiyo hupeleka juu shina refu linalopenya udongo kutoka shimoni hadi nje, na hapo kofia hufunguka. Ndiyo maana mchumaji mzoefu hauvunji uyoga wa kichuguu juujuu. Huuchimbua taratibu na kuufuata chini, kwa kuwa shina hilo refu kama mzizi ni alama mojawapo ya kuutambua. Aina hutofautiana mno kwa ukubwa. Ipo midogo kama vifungo vya shati, inayotokea kwa maelfu juu ya ardhi iliyo wazi, na ipo mipana kama sinia. Mwaka 1980 wataalamu walieleza aina moja kutoka Zambia ambayo kofia yake huweza kufikia upana wa karibu mita moja.

Kichuguu kimoja, basi, humpa binadamu mavuno mawili katika msimu uleule: kumbikumbi wanaoruka na uyoga unaoota. Humpa na la tatu, yaani udongo wake mgumu, ambao hufaa kufyatulia matofali. Jambo hilo litarejewa baadaye.

Msitu una uyoga wake wa namna nyingine. Juu ya magogo yanayooza huota uyoga laini wa rangi ya kahawia wenye umbo la sikio, pamoja na aina nyingine ngumu zinazohitaji kuchemshwa kwa muda mrefu. Katika msitu wa Ituri umo mti mkubwa ambao wenyeji huuita mbau, na wanasayansi huuita Gilbertiodendron dewevrei. Mti huu hutawala maeneo mapana karibu peke yake, na mizizi yake huishi kwa ushirika na kuvu za ardhini, ambazo huipa madini ya udongo na kupokea sukari ya mti. Chini ya miti ya namna hiyo huota uyoga wa njano wenye umbo la tarumbeta na aina nyingi nyingine ambazo haziwezi kuonekana katika shamba lililokwisha kufyekwa. Mti ukikatwa, kuvu iliyoutegemea hufa pamoja nao.

Kuchuma, kuokota na kufahamu

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofaa hapa, na tofauti yake si ndogo. Kuchuma ni kuondoa tunda au jani kwenye mmea wake. Lakini kuchuma ni pia kupata riziki kwa jasho, na ndiyo maana husemwa kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kuokota ni kuinua kitu kilicho chini, ambacho kwa kawaida hakina mwenyewe aliye karibu. Uyoga huchumwa na huokotwa pia. Ni riziki ya jasho, kwa kuwa njia ni ndefu na umande ni baridi. Na ni kitu cha kuokotwa, kwa kuwa hakuna aliyeupanda. Katika nchi ambapo ardhi ya kulima ina masharti yake na wakuu wake, uyoga umekuwa mojawapo ya vitu vichache ambavyo mjane, mtoto au mgeni asiye na shamba aliweza kuvileta nyumbani kwa kichwa kilichoinuka.

Kazi hii, kwa Wanande wa milimani kama kwa majirani zao wa msituni, imekuwa zaidi ya wanawake na watoto. Haikuwa na siku yake maalumu. Mama aliyekwenda shambani, au kutafuta kuni, au kuteka maji, alipita karibu na kichuguu anachokijua. Watoto walitumwa asubuhi na mapema, kabla ya jua kuukomaza uyoga na kabla ya funza kuuingia. Aliyewahi alipata, aliyechelewa alikuta mashimo. Katika mashindano hayo mlikuwa na mchezo mwingi na kicheko kingi, na katika mchezo huo ndimo elimu ilimopita.

Elimu yenyewe ilikuwa ya hatari. Upo uyoga mweupe wa mbugani na viwanjani, mkubwa na wa kupendeza macho, ambao wanasayansi huuita Chlorophyllum molybdites. Kwa asiyejua hufanana na uyoga wa kuliwa, lakini humtapisha na kumharisha vibaya anayeula. Vipo pia vya kuua. Imani zinazosikika katika nchi nyingi, kwamba uyoga ulioliwa na mdudu au konokono hauwezi kumdhuru mtu, au kwamba kuuchemsha huondoa kila sumu, si za kweli. Hakuna kanuni moja inayotosha. Kilichomlinda mchumaji ni kufahamu kila aina kwa sura yake, kwa harufu yake, kwa rangi ya vitamba vyake chini ya kofia, kwa mahali na kwa wakati wake. Kanuni kuu iliyobaki ni ya unyenyekevu: usioujua, uache.

Upande wa lugha, jambo moja linastahili kuangaliwa na wanafunzi wa Kiswahili. Kiswahili sanifu kina neno moja kuu, uyoga, ambalo halibadiliki katika umoja na wingi wa matumizi ya kawaida, na kando yake kuna kuvu kwa vile visivyoliwa au vinavyoharibu chakula. Anayetaka kuainisha zaidi hulazimika kueleza: uyoga wa kichuguu, uyoga wa gogo, uyoga mdogo mweupe. Katika Beni na Butembo, Kiswahili ni lugha ya soko, ya barabara, ya kanisa na ya mkutano wa makabila. Neno uyoga linatosha kabisa kwa muuzaji na mnunuzi waliokwisha kuona kilichomo ndani ya kikapu. Majina ya aina mojamoja hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, kwa Kinande au kwa lugha za msituni, kwenye njia, kidole kikielekezwa kwenye kitu chenyewe. Mtoto asiyetembea njia hiyo anaweza kukua akijua Kiswahili vizuri na Kifaransa vizuri, na bado akawa na neno moja tu kwa vitu ishirini, vingine vitamu na vingine vya kufisha.

Kile kilichofika jikoni kilipikwa kwa njia rahisi. Uyoga ulioshwa udongo, ukapasuliwa kwa vidole, ukapikwa kwa mafuta ya mawese na chumvi, ukaliwa kwa bugali au kwa ndizi. Kwa kuwa sehemu tisa katika kumi za uyoga mbichi ni maji, uliozidi ulianikwa juani au juu ya moshi wa jiko, ukahifadhiwa kwa siku za ukame. Kwa uzito mkavu, uyoga wa vichuguu una protini nyingi, na katika nyumba ambazo nyama ni ya sikukuu, mchuzi wake ulichukua nafasi ya nyama bila kuomba radhi.

Waswahili msituni, 1887

Umuhimu wa elimu hiyo huonekana wazi pale inapokosekana. Februari 1887 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Zanzibar ukiwa na wapagazi na askari zaidi ya 600 waliosajiliwa huko, kwa nia ya kumwokoa Emin Pasha. Tarehe 28 Juni 1887 kundi la mbele, lenye watu 389, liliondoka Yambuya na kuingia msituni likifuata mto Aruwimi, ambao sehemu zake za juu huitwa Ituri. Wengi wao walikuwa Wangwana wa Zanzibar, wasemaji wa Kiswahili. Kati ya vituo vya wafanyabiashara Ugarrowwa na Kilonga-Longa, kaskazini-magharibi ya nchi ya Beni, njaa iliwashika. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, kwa majuma kadhaa waliishi kwa matunda ya mwitu, uyoga, na aina ya mbegu kubwa bapa kama maharage. Wengi walikufa au kubaki nyuma njiani.

Mara nyingi habari hiyo husimuliwa kama ushahidi wa ukali wa msitu. Lakini msitu huohuo uliwalisha Wambuti, ambao kwao uyoga, asali, karanga za mwitu na viazi vya porini ni chakula cha kawaida, na uliwalisha pia wakulima waliofanya biashara nao. Kilichofanya nchi hiyo iwe ya njaa ni kwamba mashambulizi ya watu waliotafuta pembe na watumwa yalikuwa yameviacha vijiji vitupu. Waliofahamu kipi kiliwe na kipi kiachwe walikuwa wamekimbia. Wangwana walikuwa na bunduki, walikuwa na Kiswahili kilichowawezesha kuzungumza na wafanyabiashara wa vituoni, lakini hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha kwa kidole. Walipita katikati ya chakula kama vipofu. Mwezi wa Mei 1889, msafara uliporudi pamoja na Emin, ulivuka Semliki na kupita chini ya Ruwenzori, katika nchi ambayo baadaye ingekuwa mashariki ya Beni, na safari hiyo walikuta ndizi za kutosha.

Tukio hilo linatangulia yale yaliyofuata. Lilionyesha, mapema, kwamba vita hufuta ramani ya chakula hata pale chakula chenyewe kinapoendelea kuota.

Mpaka wa mbuga

Tarehe 21 Aprili 1925 serikali ya Ubelgiji ilianzisha Mbuga ya Taifa ya Albert, ya kwanza ya aina yake katika Afrika, kwa nia ya awali ya kuwalinda sokwe wa milimani katika volkano za Virunga. Mipaka yake ilipanuliwa mwaka 1929, na tena mwaka 1935, hata ikafika bonde la Semliki na upande wa magharibi wa Ruwenzori. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 ugonjwa wa malale ulitolewa kuwa sababu ya kuwahamisha watu kutoka sehemu za bonde la Semliki. Ardhi iliyoachwa na watu kwa ajili ya ugonjwa ikawa ardhi ya wanyama kwa sheria.

Sheria ya mbuga haikumlenga mchumaji wa uyoga. Ililenga mwindaji, mchungaji na mkulima. Lakini mpaka haumchagui apitaye, na aliyekatazwa kukata kuni na kuweka mtego alikatazwa pia kuingia na kikapu. Wakati huohuo mbuga ilikuwa imetengwa kwa ajili ya utafiti. Kati ya 1933 na 1935 msafara wa G. F. de Witte ulikusanya humo wanyama na mimea kwa maelfu, na baadaye mtaalamu wa mimea Jean Lebrun akaeleza uoto wa tambarare ya kusini ya Ziwa Edward. Kazi hizo zina thamani yake. Hata hivyo ni vigumu kutoona kinaya: njia moja ya kujua ilifunguliwa mlango, na njia nyingine ya kujua ikafungiwa mlango huohuo.

Elimu ya kuvu nayo ilianza kuandikwa Ulaya. Mwaka 1935 Bustani ya Mimea ya Brussels ilianza kutoa vitabu vya picha vya uyoga wa Kongo, vilivyotegemea sana sampuli na michoro ya rangi ya Bi Goossens-Fontana, Mbelgiji aliyeishi katika nchi hiyo. Michoro hiyo inapendeza hadi leo. Lakini sampuli zake kuu zilitoka Binga na sehemu nyingine za magharibi, mbali sana na vilima vya Mitumba. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kifaransa na Kilatini, na mama wa Butembo hakutazamiwa kuwa msomaji wala mtoa habari.

Baada ya uhuru, mwaka 1969, mbuga ilipewa jina la Virunga, na mwaka 1979 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Sababu za kuilinda zimezidi kuwa na uzito, kwa maana misitu iliyobaki nje yake ni michache. Lakini mzozo baina ya mpaka na kikapu haujapata ufumbuzi, na wanaoishi kando ya mbuga wanaendelea kuukumbuka.

Shamba, tofali na mti wa kigeni

Nje ya mbuga, njia zilifungwa polepole zaidi. Vilima vya Lubero na Butembo ni miongoni mwa sehemu za Kongo zenye wakulima wengi kwa eneo dogo. Kahawa, mboga za kuuzwa mijini na mikaratusi ya mbao na makaa vilitwaa malisho na vichaka vilivyokuwa vimebaki. Mikaratusi inafaa sana kwa kuni na kwa ujenzi, na bila hiyo Butembo isingejengeka. Lakini chini yake huota mimea michache, na miti ya kigeni mara nyingi huja na kuvu zake za kigeni, ambazo bibi hawezi kumwambia mjukuu habari zake kwa kuwa naye hakuambiwa.

Vichuguu vilipungua kwa namna nyingine. Mchwa wa kulima kuvu hupungua kadiri mwinuko unavyozidi, kwa hiyo katika vilima vya juu kila kichuguu kilikuwa na thamani yake. Mji ulipokua, udongo wa vichuguu ulifyatuliwa matofali na viwanja vikasawazishwa. Upande wa Beni, ugonjwa wa mnyauko uliiangamiza kahawa katika miaka ya 1990 na baada yake, na wakulima wengi wakageukia kakao, ambayo iliusogeza ukingo wa msitu nyuma. Hakuna kosa la mtu mmoja katika hayo. Familia ilihitaji karo ya shule, na kakao ililipa karo. Uyoga haukuwa na bei ya kushindana nayo.

Tangu miaka ya 1990 uyoga wa kupandwa, hasa ule wenye umbo la chaza, umeenezwa katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Hukuzwa kwenye mifuko yenye mabua, unga wa mbao au maganda ya kahawa, ndani ya kibanda chenye giza. Ni jambo jema kwa lishe na kwa kipato. Lakini uyoga wa vichuguu haujawezekana kupandwa kwa biashara, kwa maana bustani yake ni ya mchwa. Tena kibanda humfundisha mtu aina moja. Njia humfundisha nyingi.

Njia iliyofungwa kwa damu

Tangu 1996 nchi ya Beni na Butembo imepita katika vita vilivyofuatana, na kati ya 1998 na 2003 Beni ilikuwa makao ya kundi mojawapo la waasi. Watu waliendelea kulima na kufanya biashara katikati ya hayo. Pigo kubwa zaidi kwa njia za msituni lilikuja Oktoba 2014, yalipoanza mauaji ya halaiki ya raia katika eneo la Beni, ambayo mengi yamehusishwa na kundi la ADF lenye asili ya Uganda. Eneo lililo baina ya Mbau, Kamango na Eringeti lilipewa jina la pembetatu ya mauti. Jina Mbau hufanana na lile la mti uliotajwa hapo juu, ule uwapao uyoga makao chini ya kivuli chake. Sasa wengi walisikiapo hukumbuka maiti. Agosti 2016 mauaji yalifika Rwangoma, ndani ya mji wa Beni. Wengi wa waliouawa katika miaka hiyo walikutwa mashambani au njiani kwenda shambani, wakiwa na jembe, panga na kikapu.

Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa, ukiwa umeanzia Mangina, magharibi ya Beni. Ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Butembo na kata ya Katwa ziliumia sana. Kwa miezi mingi maonyo yalihusu nyama ya mwitu na kugusana kwa watu. Uyoga haukuhusika na ugonjwa huo, lakini msitu wenyewe ulikuwa umekwisha kuwa jina la hofu mbili, ya panga na ya homa. Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa katika Kivu Kaskazini na Ituri, na Novemba mwaka huo majeshi ya Kongo na Uganda yalianza operesheni ya pamoja. Mauaji hayakukoma, Juni 2024 yalienea hadi wilaya ya Lubero, karibu na vilima ambavyo hapo awali vilikuwa kimbilio.

Athari yake kwa suala la makala haya yaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Mtoto huanza kufuatana na mama yake njiani akiwa na umri wa miaka mitano au sita, na kufikia miaka kumi na mitano huwa amejifunza ya kutosha kwenda peke yake. Muda kutoka 2014 hadi sasa unazidi miaka kumi. Maana yake ni kwamba katika vijiji vingi vya Beni limekwisha kukua rika zima ambalo lilikatazwa, na kwa haki kabisa, kuingia porini. Wazazi walifanya walivyopaswa kufanya. Lakini rika hilo likipata watoto, litawafundisha nini? Na mtu aliyehamishwa, mwenye njaa, aonapo uyoga mweupe kando ya kambi, atamwuliza nani?

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uyoga wa mwitu katika nchi ya Beni na Butembo hauwezi kueleweka kama zawadi ya bahati ya mvua. Umetegemea mchwa na miti ya mbau, na zaidi ya hayo umetegemea watu waliokuwa huru kutembea na kufundishana. Uhuru huo ulipunguzwa na wavamizi wa karne ya kumi na tisa, na mpaka wa mbuga, na mahitaji ya soko, na hatimaye na mauaji. Aina hizo za kufungwa hazilingani kwa uovu, na haifai kuzichanganya. Zinalingana katika tokeo moja: zilimtenga mtoto na njia.

Kazi iliyo mbele ya vyuo ni ya haraka. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kiko katikati ya nchi hiyo, na wanafunzi wake wengi wana bibi walio hai. Majina ya Kinande na ya lugha za msituni yakusanywe pamoja na sampuli na picha, wanawake wazee wakiwa walimu na wakilipwa kama walimu. Wataalamu wa Kiswahili nao waamue jinsi ya kuyapokea majina hayo, badala ya kuridhika na neno moja la sokoni. Kamusi ikiyaingiza, itakuwa imehifadhi kitu. Hata hivyo haifai kudanganyana kuhusu uwezo wa kamusi. Jina lililoandikwa humsaidia mtu kukumbuka alichokwisha kuona. Haliwezi kuona kwa niaba yake. Siku ambapo mama wa Oicha au wa Eringeti ataweza kumwamsha binti yake kabla ya alfajiri, baada ya mvua, na kumwambia wachukue kikapu waende, ndipo itakapojulikana kwamba amani imerudi, na ndipo itakapojulikana pia ni kiasi gani cha elimu hiyo kimesalia.